Hii Sare Yangu ya Dakika Nane Ilikuwa Wizi

Wiki mbili zilizopita niliposti picha nikiwa nimeshika bahasha ya elfu tatu. Nafasi ya pili, mashindano ya chesi ya wikendi, kwenye ukumbi mmoja wa jamii huku Eastlands. Mlinipongeza hadi simu ikapata moto. Mmoja wenu akaniita bingwa wa Kayole nzima. Nilicheka, nikaacha ikae hivyo.

Leo wacha niwaambie vile hiyo bahasha ilipatikana.

Mechi yangu ya mwisho iliisha sare kwa dakika nane. Hatua kumi na nne kwangu, hatua kumi na nne kwa jamaa. Na katika hizo zote, hakuna hata moja niliyoifikiria. Tulikuwa tunazijua kwa kichwa kabla hatujaketi.

Sasa, kabla mtu hajaniambia "lakini sare ni sare, sheria inaruhusu", niskize. Mimi ni mtu wa kutetea sare. Naamini sare inaweza kuwa kitu kizuri kuliko ushindi. Yangu tu ndiyo siwezi kuitetea, juu kuna mtu mwingine aliyeilipia, na huyo mtu hakuwa ameketi kwenye meza yetu.

Huku mtaani hatujui kuheshimu sare. Enda base yoyote, kuanzia Umoja mpaka Dandora, utapata wazee wanacheza drafti na vifuniko vya soda. Mchezo ukiisha sare hakuna anayesema "umecheza vizuri". Vifuniko vinapangwa upya kwa hasira, juu lazima mtu atoke pale akiwa amechapwa. Kwa mpira ni hivyo hivyo. Timu zikitoka moja kwa moja, mtu mmoja tu ndiye anaruka kwenye hiyo baa: yule aliyeweka X kwa mkeka wake.

Chesi haiko hivyo. Ukishinda unapata pointi moja, ukipoteza sufuri, mkitoka sare kila mmoja anapata nusu. Na hiyo nusu ni mali. Mnajua ile filamu ya 2016, ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, ambayo Lupita wetu alicheza mama yake. Phiona alipata cheo chake cha chesi kupitia Olimpiki ya chesi. Njia ya kukipata huko ilikuwa kukusanya angalau nusu ya pointi kwenye mechi zako. Nusu tu. Ukicheza na watu wenye makocha na vitabu tangu utotoni, ukaweza kuondoka na nusu ya kilichokuwa mezani, dunia inakupa cheo.

Ama chukua mwaka wa 2018, pale London. Magnus Carlsen wa Norway na Fabiano Caruana wa Marekani walicheza mechi kumi na mbili kutafuta bingwa wa dunia. Zote kumi na mbili zikaisha sare. Haikuwa imewahi kutokea kwenye historia ya ubingwa huo. Watu walilalamika eti inachosha. Lakini mechi ya kwanza peke yake ilienda hatua 115. Carlsen alikuwa anafinya, Caruana anakataa kufa. Hiyo ni sare ya watu waliotoka jasho. Mwishowe Carlsen alishinda kwa mechi za kasi, tatu kwa sufuri.

Kwa hivyo tukubaliane: kuna sare ambayo mtu ameichimba kwa kucha. Na mimi niliiona moja kwa karibu sana, juu ilichimbwa kutoka kwangu.

Ilikuwa raundi ya tatu, Jumamosi jioni. Nilipangwa na msichana wa sekondari kutoka Dandora. Alikuja na sweta ya shule juu ya nguo za nyumbani, na chupa ya maji ambayo hakuigusa. Nilimbeba vibaya. Kufikia hatua ya thelathini hivi nilikuwa na malkia, yeye amebaki na ngome moja na askari wawili waliokwama mbele ya wangu. Mfalme wake alikuwa kwenye kona. Kichwani nilikuwa nishaanza kutafuta maneno ya kuandika chini ya klipu.

Halafu akaisukuma ngome yake hadi mbele ya mfalme wangu. Cheki. Bure kabisa, haina ulinzi. Nikataka kuila, mkono ukakwama hewani. Askari wake hawakuwa na pa kwenda. Mfalme wake hakuwa na pa kwenda. Ngome ndiyo kete pekee iliyokuwa inaweza kutembea. Kwa chesi, kama ni zamu yako, mfalme wako hajapigwa cheki, na huna hatua yoyote halali ya kucheza, mchezo umeisha sare. Nikiila hiyo ngome, namuua na kumwokoa wakati huo huo.

Nikakimbia. Ngome ikanifuata. Cheki. Nikasogea tena. Cheki. Nilimzungusha mfalme wangu ubao mzima kama mtu anayekimbia kanjo, na ile ngome ilikuwa kila kona imenisimamia, inaniambia nile. Saa yangu ikabaki na dakika moja. Nikaila. Sare.

Alinipa mkono, akashukuru, akaenda kukaa karibu na mwalimu wake. Mimi nilienda nje nikiwa na hasira kama nimeibiwa. Lakini nilikuwa nimeibiwa nini? Hakuna. Nilikuwa nimeshindwa kumaliza kazi, na yeye amekataa kukubali kwamba kazi imeisha.

Raundi ya tano akacheza na yule jamaa ambaye baadaye tungekutana naye mimi. Jamaa ni wa chuo kikuu, anacheza timu ya huko, ana nguvu kuliko sisi wote pale. Msichana alikuwa na nyeusi. Akacheza Berlin.

Wacha nieleze Berlin kidogo, juu hapa ndipo hadithi inageuka. Nyeupe anasukuma askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, nyeusi anafanya vivyo hivyo. Nyeupe anatoa farasi, nyeusi naye anatoa wake. Nyeupe anamleta askofu hadi ng'ambo kumsumbua yule farasi. Hapo tunauita ufunguzi wa Kihispania. Sasa badala ya kumfukuza askofu, nyeusi anatoa farasi wa pili. Hiyo ndiyo Berlin. Inafanana na hatua ya mtu asiyejali, lakini ndani yake kuna ukuta.

Waliouita ukuta hawakukosea. Mwaka wa 2000, huko London, Garry Kasparov alikuwa bingwa wa dunia tangu 1985 na watu walikuwa wanamuogopa kama radi. Vladimir Kramnik akamletea Berlin mara nne, na mara zote nne Kasparov akashindwa kupita. Walicheza mechi kumi na tano: Kramnik alishinda mbili, kumi na tatu zikaisha sare, na Kasparov hakushinda hata moja. Taji likaondoka.

Kwenye ile Berlin ya Kramnik, malkia wanakulana mapema sana na mfalme wa nyeusi anabaki katikati ya ubao, hawezi tena kujificha kwenye ngome yake. Inaonekana mbaya. Ni kama kukaa nyumba ambayo mlango wa mbele umeng'olewa. Lakini ukijua kuishi ndani yake, hakuna anayekutoa. Msichana wa Dandora aliishi ndani yake zaidi ya hatua sitini. Jamaa wa chuo alipata askari mmoja wa ziada, akasukuma, akasukuma, na mwisho wakabaki wafalme wawili pekee kwenye ubao mzima. Sare. Watu wazima pale ukumbini walisimama nyuma ya meza yake kimya.

Sasa fika raundi ya sita, ya mwisho, Jumapili saa nane mchana. Kwenye ukuta palikuwa na karatasi ya matokeo. Mimi nina pointi nne na nusu. Jamaa wa chuo, nne na nusu. Msichana, nne. Zawadi ni mbili tu: elfu tano ya kwanza, elfu tatu ya pili. Wa tatu anapewa makofi.

Jamaa akaja akasimama kando yangu pale kwenye karatasi. Tukaisoma pamoja. Halafu akaniuliza neno moja tu.

"Berlin?"

Nikamjibu, "Poa."

Hayo tu ndiyo tuliongea. Hatukutaja pesa, hatukutaja sare. Ndiyo maana kwa siku kadhaa nilikuwa najiambia hatukupanga kitu. Lakini kila mtu anayecheza chesi anajua Berlin ina mlango wa nyuma. Kuna njia ambayo nyeupe anakula askari badala ya kula farasi, kete zinafagiliwa haraka haraka, kisha malkia wawili wanabaki wanaangaliana. Malkia wa nyeupe anapiga cheki, wa nyeusi anaziba. Anarudi, naye anarudi. Cheki, ziba, rudi, rudi. Msimamo ule ule ukitokea mara tatu, unadai sare. Hatua kumi na nne, kwaheri. Mabingwa wakubwa wameitumia mara nyingi wakitaka kupumzika.

Dakika nane. Tukapeana mikono, tukasaini, tukatoka nje. Nakumbuka nilinunua smokie mbili na kachumbari nyingi.

Ndani, msichana wa Dandora alikuwa bado anacheza. Alicheza karibu saa mbili. Alishinda.

Hebu piga hesabu na mimi. Mimi na jamaa tukatoka sare, kila mmoja akafika pointi tano. Yeye akashinda, akafika tano. Watatu sawa. Waandaaji wakajumlisha pointi za wapinzani wa kila mmoja, na yeye akatoka wa tatu kwa tofauti ndogo sana. Makofi.

Sasa fikiria tungecheza kweli. Mmoja wetu akishinda, anaenda tano na nusu, mwingine anabaki nne na nusu. Msichana na tano zake anakuwa wa pili peke yake. Bahasha ni yake. Njia pekee ya kumfungia mlango ilikuwa sisi wawili tusichapane. Na sisi tulijua. Tulikuwa tumesoma ile karatasi.

Alikuwa ametoka sare na mimi. Alikuwa ametoka sare na jamaa. Hakupoteza mechi hata moja siku zote mbili. Na ufunguzi uliomwokoa ndio ule ule tulioutumia kumtoa.

Ndiyo maana watu wakianza kusema Berlin ni ufunguzi wa waoga, huwa naona wanalaumu kisu badala ya mkono. Ukuta ni ule ule. Yeye aliusimamisha akapigana mbele yake. Sisi tuliusimamisha tukajificha nyuma yake kula smokie.

Najua utetezi wote, juu niliutumia kwa siku kumi na nne. Wa kwanza: sheria inaruhusu. Kurudia msimamo mara tatu ni sare halali, ni kweli. Lakini kukubaliana matokeo kabla ya mchezo kuanza si halali mahali popote, na kichwa kilichotikiswa mbele ya karatasi ni makubaliano hata kama hakina maneno. Disemba 2023, kwenye ubingwa wa dunia wa chesi ya kasi huko Samarkand, Uzbekistan, Warusi wawili, Daniil Dubov na Ian Nepomniachtchi, walichezesha farasi zao huku na huku kama ngoma ya arusi, kisha wakakubaliana sare. Mwamuzi aliwapa wote wawili sufuri. Kama ile ngoma iliwafaa sufuri, sijui yetu ingefaa ngapi.

Utetezi wa pili: hata wakubwa hufanya utani. Machi 2021, Carlsen na Hikaru Nakamura walicheza kwa intaneti, na wote wawili wakaanza kwa kumtoa mfalme nje hatua ya pili, ufunguzi wa kijinga kabisa unaoitwa Bongcloud, kisha wakawarudisha na kuwatoa tena mpaka sare. Ile klipu nimeicheka mara mia, na wengi wenu mlianza kufuatilia chesi kwa sababu yake. Lakini angalia tofauti: wote wawili walikuwa tayari wamefuzu raundi inayofuata. Ule mchezo haukuwa na kitu ndani. Hakuna mtu wa tatu aliyekuwa amekaa meza ya pili akiuhitaji.

Na hicho ndicho kipimo changu sasa. Ukitaka kujua kama sare ni safi, usihesabu hatua. Uliza nani analipa. Sare ya msichana na mimi, niliilipa mimi, kwa uzembe wangu. Sare yake na jamaa, alilipa jamaa. Sare yetu mimi na jamaa, hakuna kati yetu aliyelipa kitu. Na kitu kikigharimu sufuri kwa wote wawili walioko mezani, bili imeenda mahali pengine.

Utetezi wa tatu ndio mgumu, na sitaki kuuficha. Nilihitaji hiyo pesa. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo. Tangu hapo nimejifunza kuchukua kilichoko mezani bila kuuliza maswali. Elfu tatu ni bando ya mwezi, ni unga, ni sehemu ya kodi. Ningecheza kweli na yule jamaa, kusema ukweli, nafikiri angenichapa. Ningerudi nyumbani na nne na nusu na hakuna bahasha. Kwa hivyo si ati nilikuwa mvivu. Niliogopa.

Lakini hata yeye aliihitaji. Mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba nauli ya siku hizo mbili walichangiwa. Mimi nimezoea kulia mtandaoni vile sisi vijana wa Eastlands tunafungiwa milango na watu waliokaa pamoja kabla ya mkutano kuanza. Kazi imeshapewa mtu, tenda imeshagawanywa, wewe unakuja na makaratasi yako kujaza viti. Nimepiga video ngapi kuhusu hiyo? Na siku moja tu niliyopewa nafasi ya kuwa upande wa ndani wa mlango, sikuhitaji hata sekunde tano kuamua. "Poa."

Sasa tufanye nini? Kuna wanaosema tupige marufuku kukubaliana sare. Mashindano ya Sofia, Bulgaria, yalianzisha kitu hicho 2005: wachezaji hawaruhusiwi kupatana tu na kuondoka. Ni vizuri, lakini haingetuzuia sisi. Kurudia msimamo mara tatu bado kunaruhusiwa, na ule mlango wa nyuma wa Berlin unapita hapo hapo.

Pendekezo langu kwa waandaaji wa mashindano ya mtaa ni rahisi zaidi: watu wakitoka sawa kwa pointi, gawanyeni pesa sawa. Kikombe kinaweza kwenda kwa mwenye hesabu kubwa, lakini pesa igawanywe. Siku ile ilikuwa elfu nane kwa watu watatu, kila mmoja elfu mbili mia sita na kitu. Mwisho wa 2024, huko New York, Carlsen na Nepomniachtchi walishindwa kuangushana kwenye fainali ya chesi ya kasi, wakagawana taji la dunia zima. Watu walipiga kelele, lakini iliwezekana. Sisi tunashindwa kugawa elfu nane ukumbini? Wizi kama wetu ungepungua siku hiyo hiyo, juu sare ya kujificha haingelipa vile.

Nilimpigia mwalimu nikasema nitatuma elfu moja, hiyo ndiyo imebaki. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kijana, huyu mtoto hajaniuliza kuhusu pesa. Ameniuliza ile hatua ya kumi ulicheza nini." Elfu nilituma hata hivyo. Na zile hatua zote kumi na nne nikaziandika, nikatuma pia. Naona ataziangalia na kujua katika dakika moja kilichotokea.

Mashindano mengine ni mwezi ujao, ukumbi ule ule. Nikipangwa na jamaa wa chuo raundi ya mwisho na aniulize "Berlin?", nitamjibu nacheza Sicilian, ufunguzi ambao lazima mtu aumie. Nikichapwa, nichapwe. Mtaniona hapa bila bahasha, na mtacheka.

Na wewe unayesoma hii ukisema ungekuwa pale ungekataa: kumbuka hakuna aliyekuwa anatuangalia. Ile karatasi iko ukutani, jamaa amesimama kando yako, na anangoja neno moja. Ungesema nini?